Koki Alizozifunga Bogere

Mbale, 4 Agosti 1987

Shemeji Latif,

Assalaam alaykum. Mama hajambo huko Mafubira? Mwambie mguu wake nauombea kila sala, na dawa ya kuchua nitamtumia.

Salamu zimetosha, nina hasira. Boila uliyonifungia mwezi uliopita ina wazimu. Inawaka, inanguruma kama lori linalopanda mlima Wanale, halafu kabla sijamaliza kukunja shuka moja inazima. Nikishamshukuru Mungu, inawaka tena. Inazima. Inawaka. Kutwa nzima ni hivyo, na mimi nimefuata tabia yake: nakaa, nasimama, nakaa. Jana Nambozo, yule dada anayenifulia, aliacha nguo kwenye beseni akaja kuniuliza, "Mama, hiyo kitu inaogopa nani?"

Maji yenyewe ukiyafungua kwenye chumba cha kuzalia, ndoo ya kwanza ni moto, ya pili vuguvugu, ya tatu ni ya mtoni kabisa. Na dizeli inanywewa kama pombe ya matanga.

Unajua jambo lililo mbele yangu. Mkaguzi wa afya atakuja mwisho wa Septemba. Asipokuta maji ya moto ya kutosha kutwa, kibali cha kufungua tena nyumba ya uzazi hanipi. Toka wanajeshi waivunje mwaka wa themanini na tano, nyumba hii imelala. Wanawake waliokimbia vita huko Teso wamejaa hapa mtaani Namatala, wanazalia kwenye mikeka ya kuazima, na mimi mkunga nimekaa hapa nasikiliza mashine ikikohoa.

Nduguyo angekuwepo angeshaishika masikio. Hayupo, basi ni wewe. Uliniletea mashine mbovu, au ulifunga vibaya? Nijibu moja.

Mastula, mke wa Bogere

*

Jinja, 11 Agosti 1987

Shemeji yangu mkali,

Wa alaykum salaam. Mama anasema mguu ulisikia jina lako ukapoa wenyewe, kwa hiyo dawa uiache, utume mchele.

Mashine si mbovu. Niliitoa sandukuni mbele ya macho yako. Kama nilifunga vibaya nitakwambia, mimi na boila hatuoneani haya. Lakini wewe mkunga hupasui mtu kwa sababu amelia, unamuuliza kwanza. Basi niulizie mgonjwa wangu.

Inapozima, taa nyekundu iliyo juu ya bana, pale mafuta yanapowakia, inawaka? Ikiwaka, maana yake moto unakufa bila kutaka: mafuta yana uchafu, au pua ya bana imeziba. Isipowaka, basi boila inajizima kwa hiari yake, kwa kuwa thamostati imeiambia maji yamepata moto, kazi imekwisha. Hayo ni magonjwa mawili, na dawa zake hazifanani.

Pili, chukua kitambaa ushike bomba linalotoka kwenye boila, kisha ushike lile linalorudi. Joto lake linapishana? Tatu, weka mkono juu ya pampu ndogo. Inatetemeka?

Kifuniko cheusi cha umeme usikiguse. Nakujua.

Ningekuja mwenyewe, ila kiwanda cha barafu ya samaki hapa Masese kimenikaba, na barabarani kila kizuizi askari wanataka kujua spana hizi ni za nani. Barua zako mpe Wasike, yule Mkenya anayeleta dizeli huko Mbale. Anapita kwangu kila wiki, na chakula cha mama hakimpiti.

Latif

*

Mbale, 17 Agosti 1987

Shemeji,

Nimefanya ulivyosema, na Nambozo amecheka mpaka akakaa chini kuniona nikiyapapasa mabomba kama tumbo la mja mzito.

Taa nyekundu haiwaki. Haijawaka hata siku moja. Bomba la kutoka linaunguza, na la kurudi linaunguza karibu sawasawa. Pampu inatetemeka. Basi ni hiari yake, inajizima kwa jeuri.

Tena kule juu usijisumbue kukufikiria. Nilikwambia ulipokuja kufunga: tangi la juu wanajeshi walilibeba pamoja na vitanda. Ghorofa yote ni stoo na vumbi, na ufunguo wenyewe sijui uliko.

Fanya haraka. Agosti inakwisha na mimi usingizi umenihama.

Mastula, mke wa Bogere

*

Jinja, 25 Agosti 1987

Shemeji,

Wasike anakuletea barua hii na thamostati mpya. Atakufungia yeye, anajua nyaya za lori na hizi si ngumu kuliko zile. Zimeni swichi kubwa kwanza.

Nikueleze ninavyowaza. Bomba la kurudi likiwa moto sawa na la kutoka, maji yamekwenda matembezi yakarudi bila kumpa mtu joto lao. Ni mtu aliyetumwa sokoni akarudi na kikapu kilekile. Boila inashiba upesi mno, ndiyo maana inazima, na baada ya kitambo kidogo ina njaa tena. Ama thamostati inasema uongo, ama maji ni machache kuliko moto. Naanza na thamostati kwa kuwa ni rahisi kuibadilisha.

Kama ni la pili, naona tulikoteleza. Boila hii niliichagua kwa kipimo cha ile ya zamani. Ile ilikuwa ya kuni. Ya kuni haijui kushiba, ukiitilia gogo itachemsha tu, maji yawe pipa au kikombe, na hakuna atakayegundua. Hii ya sasa inajua kuacha.

Jambo jingine, na usinirukie. Wazee wa ukoo walikaa hapa Jumapili. Wanauliza lini tutamsomea Bogere duwa. Mwaka wa nne umetimia toka achukuliwe. Niliwaambia nitakuuliza, na sasa nimekuuliza.

Latif

*

Mbale, 3 Septemba 1987

Latif,

Thamostati mpya ni mwanafunzi wa ile ya zamani. Inawaka, inazima. Wasike aliitazama, akavua kofia, akaniambia, "Mama, hii mashini iko na haraka ya kwenda wapi?" Nilimpa chai nikamwambia aende zake.

Sasa hiyo duwa. Duwa ya nani? Mtu aliyepakiwa kwenye gari la jeshi ni mtu aliye safarini. Nani kati yenu ameliona kaburi? Nani alimwosha? Nani alimvisha sanda? Wanaume wangapi walirudi mwaka jana, mbavu nje, wakati wake zao walikwisha kulia machozi yote?

Nami si mtoto. Duwa ikisomwa asubuhi, jioni mrithi anakalishwa mkekani, na kesho yake anakuja na kamba kupima kiwanja. Nimeona kwa jirani yangu Topista. Sahani za wageni hazijakauka, shemeji zake wanaomba funguo. Alikuwa na watoto watano na hawakumwonea huruma. Mimi mwenye mikono mitupu mtanifanyaje? Bogere akiwa safarini, hii ni nyumba yake na mimi ni mkewe. Basi na aendelee kuwa safarini.

Nilikuuliza habari za boila, ukanijibu habari za mkeka. Tusichanganye.

Mastula, mke wa Bogere

*

Jinja, 10 Septemba 1987

Shemeji,

Tusichanganye, unasema. Lakini vimeshachanganyika, na si mimi niliyevichanganya.

Wasike alipokula akasema, "Bwana Latif, juu ya ile nyumba iko tangi kubwa. Nimeiona kwa dirisha, imevaa magunia." Nikamwambia amekosea, tangi lilibebwa na wanajeshi. Akaweka kijiko chini. "Mimi nabeba tangi mgongoni miaka kumi. Unafikiri tangi sijui?"

Ulinificha, Mastula. Sina hasira, ila nimewaza siku nzima na sijapata sababu.

Huu ndio ugonjwa wa boila yako. Ilitengenezwa ipashe tangi zima, na umeipa mabomba tu na pipa dogo la jikoni. Itashiba kila mara kabla hujakunja shuka. Ndoo ya kwanza ya moto ndiyo akiba yote uliyo nayo. Thamostati haina kosa, bana haina kosa, na mimi, kwa mara ya kwanza mwaka huu, sina kosa. Mahali fulani huko juu kuna koki imefungwa. Ifungue, basi.

Na kuhusu mkeka. Jina linalotajwa na wazee ni langu. Nilikuwa sitaki ulisikie kwangu, lakini heri kwangu kuliko kwa mwingine. Nimekwisha kukataa mara mbili. Nikikataa tena watamkalisha Mugweri, mtoto wa baba mdogo, na huyo kamba yake ya kupimia iko tayari begani. Nikikaa mimi, neno langu la kwanza pale mkekani, mbele ya sheikh na wazee, litakuwa kwamba nyumba ya Mbale ni ya Mastula, na wa ukoo hataingia humo ila kwa kubisha hodi. Hati sina. Nina mdomo wangu tu, nawe umenijua toka siku ya ndoa yako.

Latif

*

Mbale, 16 Septemba 1987

Shemeji Latif,

Niliichana barua yako. Halafu nikaiunganisha mezani, nikaisoma tena. Nambozo aliniuliza kama nimepata homa.

Tangi lipo. Wanajeshi hawakulibeba kwa kuwa mlango wa juu uliwashinda kuuvunja. Ufunguo ninao, ninalala nao.

Siku ile Bogere alipanda juu asubuhi. Kiungo cha bomba chini ya tangi kilikuwa kinavuja, matone yanatia doa dari ya chumba cha kuzalia, na mimi nilikuwa nimemlalamikia wiki nzima. Kuna koki mbili, moja tumboni mwa tangi, nyingine pale bomba linapotokeza sakafuni, na kiungo kiko katikati. Alizifunga zote mbili ili alegeze kiungo. Nilikuwa nimesimama naye, nimemshikia taa. Tukasikia gari uani. Mmoja akaita kutoka chini, "Wewe fundi, toka! Afande anakutaka." Bogere akafuta mikono kwenye suruali. Hakuonekana kuogopa. Aliitwa mara nyingi kutengeneza mitambo yao, tulijua ni hiyo. Alipofika ngazini akageuka, akasema, "Usifungue hizo koki mpaka nirudi."

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Hakusema kwaheri, hakusema nisamehe. Alizungumzia koki.

Basi sijafungua. Walipovunja nyumba, nilikimbilia Namatala nikiwa na ufunguo kifuani. Ulipokuja kufunga boila nilikudanganya, kwa kuwa ungepanda ukazifungua kama mtu anavyofungua dirisha. Unajua ninachoogopa, Latif? Kwamba siku nitakapozigeuza, nitakuwa nimesema kwa mkono wangu kwamba harudi. Sheikh wa hapa ameniambia miaka minne inatosha, ninaweza kukaa eda nikapumzika. Nikamjibu bado. Nampenda. Nimechoka vibaya sana, na bado nampenda.

Sasa umejua boila yako inaumwa nini. Niambie la kufanya.

Mastula, mke wa Bogere

*

Jinja, 23 Septemba 1987

Shemeji,

Nimeisoma barua yako hapa kazini, nikatoka nikasimama ufukweni Masese mpaka wenye samaki wakaniuliza nimepoteza nini.

Nakujibu kama fundi kwanza. Kiungo kile kama hakikukazwa, ukifungua koki maji ya moto yatashuka darini mpaka juu ya kitanda cha kuzalia. Kinataka mpira mpya katikati, uliokatwa sawa na ule wa zamani, kisha nati zote nne zikazwe kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, zisipinde. Nitaukata mimi mpira. Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo, nimekwisha kuomba ruhusa. Usifungue mpaka nije.

Nimeisoma tena barua hii kabla ya kuifunga, nikaona nilichokuandikia. Nilitaka kuifuta ile sentensi. Lakini ni ya kweli kwa upande wa bomba, na sina nyingine. Nisamehe. Nakuja.

Latif

*

Mbale, 20 Oktoba 1987

Latif,

Sijui nani atachukua barua hii. Wasike amekwama mpakani Malaba toka waasi wa kaskazini walipofika Tororo. Jumamosi yako ilipita, na nyingine, na nyingine. Nilikuwa nimekupikia kuku siku ile ya kwanza. Tulimla mimi na Nambozo.

Redio inasema wameingia Busoga. Kila atokaye huko ana habari yake: Iganga imekwisha, Jinja imefungwa, mizinga inasikika Magamaga. Sijui ulitoka nyumbani ukakutana nao njiani, au hukutoka. Nasimama barabarani asubuhi kutazama magari ambayo hayaji. Narudi ndani, mashine inawaka, inazima, natoka tena.

Mkaguzi aliahirisha kwa ajili ya vita. Sasa atakuja katikati ya Novemba. Kuzaa hakuahirishwi. Alhamisi aliletwa mama mmoja kutoka Kumi, huko Teso, amebebwa kwa baiskeli, mtoto amekaa vibaya. Kazi ilikuwa ndefu. Maji ya moto yaliniishia kwenye ndoo ya tatu kama kawaida, Nambozo akakimbia kwa majirani na sufuria. Mtoto yu hai, mama yu hai, lakini nilipomaliza niliinua macho darini. Juu ya kichwa changu kulikuwa na tangi zima, nami nilikuwa nalilinda lisiwafae.

Wawili sasa wameniambia nisifungue mpaka waje. Ukiwa hai, nitakugombeza kwa hilo.

Mastula, mke wa Bogere

*

Mbale, 12 Novemba 1987

Shemeji Latif, popote ulipo,

Nimefungua.

Jumatatu baada ya sala ya adhuhuri nilizima boila, nikamwita Nambozo, tukapanda. Kitasa kilikuwa kimeshika kutu, tukakitia mafuta ya kupikia. Ndani spana yake ilikuwa juu ya kizingiti cha dirisha, pale alipoiweka. Nati mbili alikwisha kuzilegeza. Nikamalizia mbili zilizobaki. Mpira wa zamani ulitoka vipandevipande, nikauunganisha sakafuni kama barua yako, na Nambozo akakata mwingine kwa kuufuatisha, kutoka kwenye tyubu ya lori. Tukakaza kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo.

Kabla ya kukaza nilifungua kidogo koki ya tumboni. Maji yaliyokuwa tangini ni yale aliyoyaacha yeye. Yalitoka mekundu kwa kutu, ndoo kwa ndoo. Nambozo alitaka kuyamwaga uani, nikamzuia. Hatukuwa na maiti ya kuosha, Latif. Nilikuwa na maji hayo tu. Nikapiga magoti nikaosha chumba chake chote, sakafu, kizingiti, na ngazi aliyogeukia, nikisoma nilichojua. Nambozo si Mwislamu, lakini alishika kitambaa akasugua nami, na alilia kunizidi.

Halafu tukajaza maji mapya, tukageuza koki zote mbili. Nilishuka nikawasha boila. Ikanguruma. Nikakunja shuka moja, nikakunja zote za kabati, nikaenda kuchambua mchele, na bado inanguruma. Nambozo akaja mbio, "Mama, leo haizimi, imeharibika!" Nikamwambia ndiyo imepona. Ilipozima, ilinyamaza muda mrefu, na mimi nikalala usingizi kwenye kiti, mchana kweupe, na ungo magotini.

Mkaguzi amekuja leo. Alifungua bomba mpaka akachoka. Kibali kiko ukutani.

Toka Jumatatu nimevaa nyeupe. Eda nitaikalia humu humu ndani, watakaozaliwa watanifuata wenyewe. Ukiwa hai, waambie wazee duwa naitaka, na mkekani nakutaka wewe. Kama na wewe wamekuchukua, Mungu anipe nguvu ya kuosha sakafu ya pili.

Mastula, mjane wa Bogere

*

Jinja, 22 Novemba 1987

Dada yangu Mastula,

Mimi ni mzima. Ijumaa ile jeshi lilikusanya mafundi wote wa mitambo, tukawekwa kambini kutengeneza magari mpaka mizinga iliponyamaza. Hakuna barua iliyotoka humo. Kila jioni nilifikiria ile sentensi yangu, na wewe umekaa nayo. Walipoita, "Fundi, toka," nilijua Bogere alisikia nini.

Mama nimemsomea barua yako. Alisikiliza mpaka pale penye maji mekundu, akaniambia, "Basi mwanangu ameoshwa." Amelala vizuri toka siku hiyo.

Wazee wamekubali. Nitakaa mkekani, na neno langu la kwanza unalijua. Mugweri naye anakuja, nimemwambia aache kamba nyumbani, abebe mchele.

Ule mpira niliokukatia ninao bado mfukoni. Sitaubadilisha wako. Nitaugusa tu, kuona kama ni mkavu.

Siku ya kufika sikuandikii. Wewe fanya kazi yako. Utasikia hodi.

Latif